"Post-conflict": neno dogo linalosema vita vimekwisha



Katika mikutano na wageni wa mashirika kuna neno moja la Kiingereza ambalo hurudi mara nyingi: "post-conflict". Linaandikwa katika ripoti, kwenye vibao vya miradi na katika karatasi za kuomba fedha. Mkalimani hulitafsiri kwa haraka, "ya baada ya vita", kisha mkutano unaendelea. Wengi huitikia kwa kichwa, kwa kuwa maneno hayo yanapendeza masikioni. Nani asiyetaka kusikia kwamba vita vimekwisha?

Lakini neno hili lina uzito. Eneo likishaitwa hivyo, aina ya msaada hubadilika, siku za kambi huanza kuhesabiwa, na familia huulizwa zitarudi lini. Kwa sababu hiyo inafaa kila mmoja wetu ajue lina maana gani, lilitoka wapi, na aulize nini anapolisikia likitajwa juu ya kijiji chake.

Maana ya neno

Neno hili limeundwa kwa vipande viwili vilivyounganishwa kwa kistari. Kipande cha kwanza, "post", ni cha Kilatini na maana yake ni "baada ya". Si ile posta ya barua, wala si kituo cha askari, ingawa maandishi yanafanana. Kipande cha pili, "conflict", kinatoka pia katika Kilatini, katika tendo lenye maana ya kugongana au kupigana pamoja. Vikiunganishwa tunapata "-a baada ya mapigano".

Neno hili halisimami peke yake. Ni kivumishi, yaani neno la kueleza sifa ya kitu kingine, kama tunavyosema nyumba mpya au barabara mbovu. Wataalamu husema nchi ya baada ya mapigano, kazi ya baada ya mapigano, na hasa ujenzi mpya wa baada ya mapigano. Hapa ndipo penye ugumu. Ukisema "nyumba mpya", mtu anaweza kwenda kuitazama nyumba. Ukisema "eneo la baada ya mapigano", umetaja wakati. Umesema kwamba jambo fulani limepita. Mtu anayekaa huko anaweza kuwa na jibu tofauti na mtu aliyeandika ripoti akiwa mbali.

Wazee wetu wana methali, "Baada ya dhiki faraja". Methali hiyo inatutia moyo tuvumilie, lakini haitaji siku ambayo faraja itafika. Neno la mashirika hutumiwa kana kwamba siku hiyo imekwisha fika.

Historia yake

Kuanzia mwaka 1861 hadi 1865 Wamarekani walipigana wao kwa wao, kaskazini na kusini. Vita vilipokwisha, watu wa kusini walisema habari za miaka yao kwa neno la Kilatini lenye maana ya "baada ya vita", na kipindi cha kurudisha majimbo ya kusini katika taifa kikaitwa Ujenzi Mpya. Mwezi wa Januari 1865 jenerali mmoja wa kaskazini, William Sherman, alitoa amri kwamba watu waliokuwa watumwa wapewe mashamba ya pwani, hadi eka 40 kwa familia. Watu kama 40,000 walikaa katika mashamba hayo. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson aliamua kuwarudishia wenye mali wa zamani ardhi hiyo. Mwaka 1877 kipindi cha Ujenzi Mpya kilihesabiwa kuwa kimekwisha, na watu weusi wa kusini wakapoteza haki nyingi walizokuwa wamepata. Kwa hiyo tangu mwanzo, swali la ujenzi baada ya vita lilikuwa pia swali la shamba: nani atalima wapi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia neno lililotumika sana lilikuwa "post-war", la baada ya vita. Benki ya Dunia ilipoanzishwa mwaka 1944, jina lake rasmi lilikuwa Benki ya Kimataifa ya Ujenzi Mpya na Maendeleo, na ujenzi mpya ulitajwa kwanza. Mkopo wake wa kwanza, dola milioni 250, ulikwenda Ufaransa mwaka 1947. Mwaka 1948 Marekani ilianza Mpango wa Marshall, uliotoa dola kama bilioni 13 kwa nchi za Ulaya Magharibi. Vita vile vilikuwa na mwisho unaojulikana. Majeshi yalisalimu amri, sahihi zikawekwa, na kila mtu angeweza kutaja tarehe.

Baadaye vita vilibadilika. Vita vingi vya miaka ya 1990 vilipiganwa ndani ya nchi, kati ya serikali na makundi, au kati ya makundi na makundi. Mara nyingi hapakuwa na tangazo la kuanza wala siku moja ya kwisha. Watu wa ofisi za kimataifa wakapendelea neno pana zaidi, "conflict", ambalo linaweza kubeba vita, uasi, mashambulio na ugomvi wa jamii. Hivyo "post-war" ikaachia nafasi "post-conflict".

Wazo la kujenga amani lilikuwapo tayari. Mwaka 1976 mtaalamu wa Norway, Johan Galtung, alitofautisha kazi tatu: kulinda amani kwa kuwatenganisha wapiganaji, kufanya amani kwa mazungumzo, na kujenga amani kwa kuondoa mambo yanayozaa vita, kama ubaguzi na unyonyaji. Kisha mwezi wa Juni 1992 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Boutros Boutros-Ghali wa Misri, alitoa Ajenda ya Amani. Humo alipanga kazi nne kwa kufuatana: kuzuia ugomvi, kupatanisha, kulinda amani kwa askari, na mwisho kujenga amani baada ya mapigano. Katika kazi hiyo ya nne alitaja kunyang'anya silaha, kurudisha wakimbizi, kufundisha askari wa usalama na kusimamia uchaguzi.

Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilifungua kitengo chenye neno hili katika jina lake. Mwezi wa Desemba 2005 Umoja wa Mataifa uliunda Tume ya Kujenga Amani, na mwaka 2006 nchi mbili za kwanza kuwekwa mbele yake zilikuwa Burundi na Sierra Leone. Ndani ya miaka isiyozidi 15 neno lililokuwa la wataalamu wachache lilikuwa limeingia katika bajeti, katika vyuo na katika mikutano yetu.

Kasoro ya neno

Ajenda ya mwaka 1992 iliweka kujenga amani mwisho wa foleni. Mtu akiisoma ataona kama ngazi: kwanza vita, kisha mapatano, kisha askari wa kulinda amani, kisha ujenzi. Kumbe katika maisha mambo haya huchanganyika. Katika kijiji kimoja watu wanajenga shule, na mwendo wa saa tatu kwa miguu wengine wanakimbia.

Watu wa Kongo wanayajua hayo kuliko waandishi wa ripoti. Makubaliano ya jumla yalitiwa sahihi Pretoria tarehe 17 Desemba 2002, na mwaka 2003 serikali ya mpito ikaanza kazi. Nchi ikaitwa ya baada ya mapigano. Lakini mwezi wa Juni 2004 mji wa Bukavu ulitekwa na askari walioasi. Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Julai 2006. Mwaka 2007 Kivu ya Kaskazini iliwaka tena. Mwezi wa Januari 2008 mkutano wa Goma ulitoa hati za ahadi, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo mapigano yakarudi. Tarehe 23 Machi 2009 serikali na kundi la CNDP waliwekeana sahihi. Mwaka 2012 kundi la M23 lilijiita kwa tarehe ya makubaliano hayohayo likidai hayakutimizwa, na mwezi wa Novemba likaingia Goma. Mwaka 2013 lilishindwa. Mwezi wa Novemba 2021 mapigano yalianza upya huko Rutshuru, na mwezi wa Januari 2025 Goma ilitekwa tena. Tarehe 27 Juni 2025 Kongo na Rwanda zilitia sahihi makubaliano ya amani huko Washington, na baada ya siku hiyo bado watu wa Kivu walisikia milio ya bunduki.

Hatutaji tarehe hizi ili kuwavunja moyo wanaotafuta amani mezani. Bila mazungumzo hayo wengi zaidi wangekufa. Tunataka kuonyesha kwamba sahihi ni mwanzo wa kazi. Neno linalosema "baada" linaweza kutufanya tuihesabu kuwa mwisho.

Neno na mfuko wa fedha

Huenda mtu akauliza, "Sisi tulio chini ya turubai, jina la Kiingereza linatuhusu nini?" Linatuhusu kwa njia ya mfuko wa fedha.

Wafadhili wengi wana mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni wa dharura: chakula, maji, dawa, mahema. Fedha zake hutolewa kwa miezi michache na hufika upesi. Mfuko wa pili ni wa ujenzi na maendeleo: barabara, shule, mahakama, hospitali. Fedha zake ni nyingi zaidi, lakini huchukua muda mrefu, na kwa kawaida hupitia serikalini. Eneo likibadilishiwa jina, mfuko wa kwanza huanza kufungwa. Wa pili unaweza kuchelewa mwaka mmoja au zaidi. Kati yake kuna pengo, na katika pengo hilo wanakaa watu. Jambo hili si siri. Mwaka 1999 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, na Benki ya Dunia walifanya mazungumzo huko Washington juu ya pengo hilohilo.

Pia kuna swali la kambi. Mwezi wa Septemba 2009, miezi michache baada ya makubaliano ya Machi, kambi kadhaa za kandokando ya Goma zilifungwa kwa siku chache tu. Wengi walishika njia ya kwao, na wale walioona kwao hakujatulia walielekezwa Mugunga III. Mwezi wa Desemba 2014 kambi ya Kiwanja, Rutshuru, ilifungwa ghafula. Mwezi wa Februari 2025 watu wa kambi za Goma, kama Bulengo na Lushagala, waliambiwa waondoke kwa saa 72. Mara hizo wenye mamlaka walikuwa tofauti, lakini hoja ilifanana: usalama umerudi, kwa hiyo kambi haina kazi tena.

Kurudi nyumbani ni jambo jema, na familia nyingi zinalitamani kila siku. Lakini kuna kanuni. Mwaka 1998 Francis Deng wa Sudan aliwasilisha katika Umoja wa Mataifa Kanuni za Kuongoza juu ya Wakimbizi wa Ndani. Kanuni ya 15 inamlinda mtu asirudishwe kwa nguvu mahali ambapo maisha, usalama, uhuru au afya yake vitakuwa hatarini. Kanuni ya 28 inasema wenye mamlaka wana wajibu wa kwanza wa kuandaa hali ili watu warudi kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima, au wakae kwa hiari mahali pengine nchini, na kwamba waliohama washiriki kikamilifu katika mipango hiyo. Kanuni ya 29 inataka wasaidiwe kupata mali zao au fidia. Na katika Mapatano ya Nchi za Maziwa Makuu, yaliyotiwa sahihi Nairobi mwezi wa Desemba 2006, mna itifaki moja ya kuwalinda na kuwasaidia wakimbizi wa ndani, na nyingine juu ya haki za mali za wanaorejea.

Tazama vizuri kanuni hizo. Hazisemi kwamba ukimbizi unakwisha siku viongozi wanapopeana mikono. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2010 juu ya suluhisho la kudumu umetaja vipimo vyake: usalama, maisha ya kutosha, kazi ya kujipatia riziki, kurudishiwa nyumba na shamba, hati za utambulisho, familia kuungana, kushiriki katika mambo ya umma, na haki kwa waliodhulumiwa. Mtu anaweza kuwa ametoka kambini na bado hajapata hata kimoja.

Masahihisho ya wakubwa

Hata wale waliolieneza neno hili wameona upungufu wake. Mwezi wa Machi 2005 Katibu Mkuu Kofi Annan wa Ghana aliandika kwamba karibu nusu ya nchi zinazotoka vitani hurudi vitani ndani ya miaka mitano. Wataalamu wengine walikuja kusema hesabu hiyo ilikuwa kubwa mno, lakini hakuna aliyekana hatari yenyewe. Mwaka 2015 kamati ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ilisema ni kosa kudhani kwamba kujenga amani ni kazi ya kungojea bunduki zinyamaze. Mwaka 2016 Baraza la Usalama na Baraza Kuu walipitisha maazimio ya kusema kwamba kazi ya kudumisha amani hufanyika kabla ya mapigano, wakati wa mapigano na baada yake.

Hapa kwetu, mwezi wa Juni 2009 serikali ya Kongo ilianzisha mpango uitwao STAREC kwa ajili ya mashariki. Jina lake la Kifaransa halikusema maeneo ya baada ya vita. Lilisema maeneo "yanayotoka" katika mapigano ya silaha. Tofauti ni ndogo kwa sauti na kubwa kwa maana. Anayetoka bado yuko njiani. Anaweza kufika, anaweza kukwama, anaweza kurudishwa nyuma na mvua. Tunahitaji kumsindikiza hadi mlangoni. Mpango ule ulipata matatizo yake mengi, lakini jina lake lilikuwa karibu zaidi na ukweli wa watu.

Mambo ya kuuliza

Kwa familia zilizohama: msione haya kuuliza katika mkutano. Neno likitajwa, ulizeni kwa lugha yenu wenyewe. Nani ameona kwamba mapigano yamekwisha, na aliona lini? Je, barabara ya sokoni inapitika bila kulipa mtu mwenye silaha? Shamba letu linalimwa na nani sasa? Je, shule na kituo cha afya vina watu ndani, au vina kuta tu? Tukienda na tukaona hali si nzuri, je, tutaandikishwa tena tukirudi? Inafaa pia watu wachache waliochaguliwa na wote, wanaume kwa wanawake, watangulie kutazama na kuleta habari kabla familia nzima haijabeba mizigo.

Kwa bwami, wakuu wa vijiji na viongozi wa kambi: msikubali neno kwa niaba ya watu kabla hamjawauliza. Mkisema mbele ya wageni kwamba kila kitu ni shwari, maneno yenu yataandikwa, na wengine watayatumia kufunga misaada. Mkisema kwamba hakuna hata mahali pamoja palipotulia, mtafunga mlango wa ujenzi. Semeni kijiji kwa kijiji: hapa watu wanalima, pale wanalala porini, kule ugomvi wa mipaka ya mashamba haujasikilizwa. Andikeni tarehe. Na pale familia inaporudi na kumkuta mwingine shambani, wakalisheni wote wawili pamoja mapema, mbele ya wazee na mashahidi, kabla vijana hawajachukua mapanga.

Kwa sisi wa mashirika: tunapoandika neno hili katika ripoti zetu, tutaje pia mahali, mwezi, na nani alitueleza hali hiyo. Na tukibadilisha aina ya msaada, tuwaambie watu mapema, ili pengo lisiwakute na watoto mikononi.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika lugha ya mama yenu, mnasemaje "vita vimekwisha"? Ni ishara gani huwafanya watu waseme hivyo?

2. Kati ya vijiji vyetu, ni vipi "vinavyotoka" katika mapigano, na vimefika wapi katika safari hiyo?

3. Familia ikikuta shamba lake mikononi mwa wengine, ni nani katika jamii yetu anayeaminiwa na pande zote mbili kusikiliza shauri hilo?

4. Wageni wakija mwezi ujao na kutuuliza kama eneo letu liko "baada ya mapigano", tutawajibu nini kwa pamoja, na nani atasema kwa niaba yetu?